Gitaa Linapolia Vibaya: Chunguza Vyuma vya Shingoni

Gitaa likianza kutoa mlio wa kukwaruza, aghalabu mwenyewe hulaumu nyuzi. Hununua nyuzi mpya, akazifunga na kuzikaza barabara, lakini mlio ni ule ule. Ndipo wengine husema kwamba gitaa limezeeka, wakaliuza kwa bei ya hasara. Kumbe mara nyingi ubao ni mzima kabisa. Kilicholika ni vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa kukingama shingo, ambavyo mafundi huviita freti.

KAZI YA FRETI

Mpigaji anapobana uzi, uzi huo huegemea juu ya freti, na tangu hapo ndipo urefu wake wa kulia huanza kuhesabiwa. Kwa hiyo kila freti imewekwa kwa kipimo. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi. Kama urefu huo ni milimita 650, freti ya kwanza huwa karibu milimita 36 na nusu kutoka kwenye kidaraja cha kichwani. Freti mpya ina mgongo wa mviringo, na kimo chake ni kama milimita moja tu. Basi hata ikilika kidogo sana, sikio litatambua.

SABABU YA KULIKA

Freti za magitaa mengi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Wazungu huuita fedha ya nikeli kwa sababu ya weupe wake, ingawa hauna fedha hata chembe. Madini hayo ni laini kuliko chuma cha pua cha nyuzi. Kila uzi unapobanwa na kusuguliwa, huchukua chembe ndogo ya freti, kama vile kamba ya kisima inavyochora mifuo katika ukingo wa mawe. Mifuo mirefu zaidi huonekana chini ya uzi wa kwanza na wa pili, kwa kuwa nyuzi hizo ni waya mtupu mwembamba unaokata kama kisu. Gitaa lenye nyuzi za nailoni halipati madhara hayo kwa wepesi.

Mahali panapolika kwanza hutegemea namna ya upigaji. Wapigaji mashuhuri wa miaka ya 1950, kama Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na George Mukabi wa magharibi ya Kenya, aliyefariki mwaka 1963, walichapua nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Katika upigaji wa namna hiyo mkono wa kushoto hukaa sana karibu na kichwa cha gitaa. Wengi pia walifunga penseli au kijiti juu ya nyuzi ili kupandisha sauti ilingane na koo la mwimbaji. Mwenye kupiga hivyo hata leo na achunguze freti tatu za kwanza, pamoja na ile inayofuata penseli yake.

NAMNA YA KUTAMBUA

Bana kila uzi katika kila freti, moja baada ya nyingine, ukisikiliza kwa makini. Mlio ukiharibika katika freti moja au mbili tu, yaelekea kwamba hizo zimelika: uzi umezama ndani ya mfuo na unagonga freti ya mbele yake. Mgongo wa freti ukiwa bapa, sauti nayo haitakuwa kamili, hata kama nyuzi wazi zimelinganishwa vizuri. Lakini mlio ukiwa mbaya kotekote, huenda shingo imepinda au daraja limeshuka, na dawa yake ni nyingine.

DAWA YAKE

Mfuo ukiwa mdogo, fundi hulegeza nyuzi, hufunika ubao wa shingo kwa karatasi ya gundi, kisha hupitisha tupa ndefu iliyonyoka mpaka freti zote ziwe kimo kimoja. Hapo kazi haijaisha. Ni lazima airudishie kila freti mgongo wake wa mviringo, na mwishowe aing'arishe kwa msasa laini. Kazi hii haiwezi kurudiwa mara nyingi, maana kila mara freti hupungua kimo.

Zikiwa zimekwisha kabisa, hung'olewa na kutiwa mpya. Fundi mwangalifu huzipasha moto kwanza kwa chuma cha kulehemu, ndipo azinyanyue polepole kwa koleo. Akizivuta kwa nguvu, ubao utabanduka vipande. Si lazima zote zibadilishwe. Kama tatu au nne za kwanza ndizo mbovu, zaweza kubadilishwa hizo tu, kisha zikasawazishwa na zile za zamani. Gharama huwa ndogo zaidi, na gitaa hurudia sauti yake.

KINGA

Mpigaji abane uzi karibu na freti, nyuma yake kidogo, wala asitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Penseli nayo isikazwe kupita kiasi. Baada ya kupiga, nyuzi zifutwe jasho kwa kitambaa kikavu. Nyuzi zilizoshika kutu zitolewe upesi, hasa pwani ambako hewa ya chumvi huziharibu mapema, kwa maana uzi wenye kutu husugua kama tupa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kupata riziki yake kwa gitaa asiliuze kabla ya kulipeleka kwa fundi ajuaye kazi, akague freti zake. Gitaa zuri huweza kubadilishwa freti zaidi ya mara moja, na bado likaendelea kuimba.