Mitambo ya upepo isiwe mtego wa tumbusi

KENYA imepiga hatua kubwa katika kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo. Mradi wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, uliozinduliwa rasmi mwaka wa 2019, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ule wa Kipeto, Kajiado, ulioanza kuuza umeme mwaka wa 2021, una mitambo 60 na uwezo wa megawati 100.

Umeme huu hautoi moshi. Hata hivyo, mapanga ya mitambo yanaweza kuwaua ndege wala nyama, hasa tumbusi na tai.

Chanzo ni kuwa ndege hao na wahandisi huvutiwa na mahali pamoja. Tumbusi ni mzito, hivyo hapigi mbawa mchana kutwa, bali huelea juu ya upepo unaopanda kandokando ya magenge na vilima. Papo hapo ndipo mitambo hupata nguvu.

Je, mbona asiyaone mapanga makubwa kiasi hicho? Watafiti wamebaini kwamba tumbusi anapoinamisha kichwa kutafuta mzoga, haoni kilicho mbele yake.

Pengo analoacha halizibiki upesi. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kufikia umri wa kuzaa. Tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe, ambao pia huuawa kwa mizoga iliyotiwa sumu, waliorodheshwa mwaka wa 2015 miongoni mwa viumbe wanaokabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuangamia. Wakitoweka, mfugaji ataachiwa mizoga ikioza malishoni.

Kinga ni kupanga mapema. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka athari za miradi ya aina hii zitathminiwe kabla ya ujenzi. Tathmini hiyo haina budi kuchunguza viota, njia za ndege na misimu yote ya mwaka. Eneo lisilofaa liachwe.

Mradi ukishajengwa, kazi haijaisha. Kipeto, kwa mfano, huweka waangalizi wa kukagua anga ili mtambo usimamishwe tumbusi anapokaribia, na mizoga ya mifugo huondolewa isiwavutie.

Lakini kusimamisha mtambo ni kazi ya kila siku kwa miaka mingi. Kuchagua mahali pake hufanywa mara moja tu, na kosa la siku hiyo halirekebishiki kwa urahisi.