Anayepiga yowe korongoni

Uru Kaskazini, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, usiku, baridi ikishateremka kutoka msituni na mbwa wakishatulia, sauti huanza upande wa korongo. Mwanzoni ni kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa taratibu. Hukatika, ikarudi, ikapanda hadi ikawa yowe la mtu anayekabwa koo. Mgeni aliyelala kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, kwa mara ya kwanza huamka akiuliza nani anauawa.

Nami niliuliza hivyo nilipokuwa mdogo. Bibi alikuwa akifukia makaa kwa majivu. Hakugeuka hata kidogo. "Lala, mjukuu wangu. Huyo ni perere."

Perere ni mnyama wa kilo mbili hadi tatu hivi, hana mkia, manyoya yake ya kahawia, umbo kama la sungura aliyekatwa masikio. Kwa nasaba, ndugu zake ni tembo na nguva. Mchana hujificha kwenye pango la mti mzee. Usiku hutoka kula majani na kuita. Katika msitu wenye ukungu macho hayafiki mbali, kwa hiyo dume hutangaza himaya yake kwa koo. Watafiti waliorekodi perere wa milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, Kenya, walipima milio inayozidi desibeli 100. Hiyo ni kelele ya msumeno wa mashine, na inatoka kwa kiumbe unayeweza kumpakata.

Mbona basi husikika kana kwamba yuko nyuma ya migomba? Usiku hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ipotelee angani hupindishwa ikarudi ardhini. Kuta za korongo nazo huirudisha, hata usijue imetokea upande upi.

Perere wa Kilimanjaro waliwindwa sana zamani kwa ajili ya ngozi. Mikulo, miti mikubwa ya msituni, nayo ilikatwa. Uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 uliona ukataji huo waziwazi. Mwaka 2005 msitu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa, na kwangu huo ulikuwa uamuzi wa heri, maana mti wenye pango haukui kwa maisha ya mtu mmoja.

Nilipolala Uru mara ya mwisho, perere aliita mara moja tu. Nikakaa kitandani, blanketi mabegani, nikisubiri. Muda mrefu ulipita, kisha ng'ambo ya korongo mwingine akajibu.