Vipele vya ndevu si uchafu

Msikilizaji mmoja wa kipindi hiki, kijana anayefanya kazi ya ulinzi hapa jijini, ameniletea swali ambalo naamini linawahusu wengi. Anasema bosi wake ameagiza kila mlinzi afike lindoni akiwa amenyoa ndevu. Yeye hunyoa kila asubuhi kwa wembe mpya, na kila asubuhi shingo yake huzidi kujaa vipele. Vingine vina usaha, vingine vimeacha madoa meusi. Wenzake wanamcheka kwamba haogi vizuri, na bosi amemwonya kwamba uso wa namna ile unawatia wateja kinyaa. Anauliza, afanye nini?

Ndugu msomaji, kabla ya kutafuta dawa ni vizuri kuujua ugonjwa wenyewe. Nywele za wengi wetu Waafrika hazioti zimenyooka. Hata kule chini ya ngozi shina la unywele limepinda, na ukitoka nje hujikunja kama springi. Wembe unapoukata, ncha yake hubaki imechongoka kama mshale. Baada ya siku mbili tatu unywele ule huanza kuota tena, lakini badala ya kwenda juu hupinda, ukarudi chini na kuichoma ngozi ileile ulikotokea. Mwili nao huuona kuwa ni kitu kigeni, sawa na mwiba, ukaanza kupambana nao. Hapo ndipo panapovimba, pakawasha, na pengine pakatunga usaha.

Iko na njia ya pili. Mtu akiivuta ngozi kwa vidole ili wembe ufike chini kabisa, unywele hukatwa ukiwa umevutwa nje. Akiiachia ngozi, unywele hurudi ndani, chini ya uso wa ngozi. Ukianza kuota hutoboa ukuta wa tundu lake kabla hata haujaliona jua. Nyembe za kisasa zenye makali mawili, matatu au zaidi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: kali la kwanza huunyanyua unywele, la pili hulikata shina chini zaidi. Ndiyo maana uso hubaki laini kama wa mtoto, na ndiyo maana vipele hufuata.

Kutokana na maelezo hayo tunapata mambo mawili. La kwanza, vipele hivi si uchafu na wala haviambukizi. Mtu anaweza kuoga mara tatu kwa siku na bado akawa navyo. La pili, kadiri unavyozidi kukwangua ndivyo unavyozidi kujiumiza. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, lakini dawa ya vipele vya wembe si wembe.

Basi dawa ni ipi? Ya kwanza haiuzwi dukani: ni kuacha kunyoa kwa muda, angalau wiki tatu hadi nne. Siku za mwanzo hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudia wembe. Lakini unywele ukirefuka hupata nguvu ya kujinyanyua, ukachomoka wenyewe. Katika muda huo osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha pakanda taratibu kwa kitambaa safi. Unywele ukiuona umepinda juu ya ngozi kama kitanzi, unaweza kuuinua kwa sindano iliyochemshwa, lakini usiung'oe. Ukiung'oa, utakaoota badala yake utaanzia chini kabisa, na safari ya kuchoma ngozi itaanza upya. Kuminya vipele nako kunaacha madoa na makovu.

Vipele vikiisha, njia iliyo salama zaidi ni kutumia mashine ya umeme na kubakiza ndevu fupi, hata milimita moja tu. Kwa mbali mtu huonekana nadhifu, na ncha za nywele hazipati nafasi ya kurudi ndani. Ambaye ni lazima atumie wembe, anyoe baada ya kuoga, nywele zikiwa zimelainika. Apake povu la kutosha, atumie wembe wenye kali moja ulio mkali, na afuate upande ambao nywele zinaelekea. Asiivute ngozi wala asipitishe wembe mara mbili mahali pamoja. Akimaliza, ajisafishe kwa maji ya baridi.

Sasa niseme na waajiri. Kumwamuru mtu mwenye maradhi haya anyoe kila siku ni sawa na kumwamuru mwenye kidonda mguuni avae kiatu kinachobana. Huko Marekani jambo hili limefika hata mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa iliamua kwamba amri ya kampuni moja ya kuuza piza katika jimbo la Nebraska, iliyowakataza wafanyakazi wote kufuga ndevu, iliwaumiza zaidi wanaume weusi kwa sababu ya vipele hivi, na kampuni haikuwa imeonyesha sababu ya kutosha ya kutomruhusu mwenye maradhi. Hapa kwetu hatuna haja ya kufikishana huko. Cheti cha daktari na ndevu zilizopunguzwa vizuri kwa mashine zinatosha kumfanya mlinzi awe nadhifu bila kumtesa.

Tuje kwa vinyozi. Wengi wetu tumezoea kwamba tukimaliza kunyolewa tunamwagiwa spiriti, na ikichoma sana tunaridhika kwamba imeua kila kitu. Kuchoma si ushahidi wa usalama. Spiriti unayopakwa wewe haisafishi mashine iliyotoka kwenye kichwa cha mwenzako, na huzidi kuikausha ngozi iliyokwisha kuchubuka. Mashine inatakiwa ipigwe brashi nywele zote zitoke, kisha isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya mteja mwingine kukaa kitini. Wembe ni wa mtu mmoja tu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kukipitisha kwa mwenye mchubuko. Mwenye vipele anavuja damu kwa urahisi, kwa hiyo yeye ndiye aliye hatarini zaidi. Nunua wembe wako, ufunguliwe mbele ya macho yako.

Mwambie pia kinyozi asikukwangue kisogo. Vipele vigumu vya kisogoni vikiachwa vinaweza kugeuka kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, na kovu la namna hiyo ni kazi kubwa kuliondoa. Katika ukoo wenye makovu ya aina hiyo, tahadhari iongezwe.

Akina mama na akina dada wasidhani leo nawasema wanaume peke yao. Unywele wa kwapani na wa sehemu za siri nao hujikunja, na vipele vyake ni vilevile. Nta na halawa hung'oa unywele mzima, lakini ukikatikia ndani matokeo ni yaleyale. Krimu za kuondoa nywele huyeyusha unywele badala ya kuukata, kwa hiyo haziachi ncha kali, ila zikikaa kupita dakika zilizoandikwa huiunguza ngozi. Jaribu kidogo mkononi siku moja kabla, na usipake mahali ambapo maelezo ya chupa hayaruhusu. Baada ya kunyoa kwapa, manukato yasubiri hadi kesho yake. Ndimu nayo ibaki jikoni.

Mwisho, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi, ni zile krimu za dukani. Mtu mwenye vipele huuziwa tyubu bila kuulizwa swali, apake siku tatu, vipele vikatulia na rangi ikang'aa. Nyingi ya hizo zina dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile betamethasoni na klobetasoli. Daktari huzitoa kwa siku chache na kwa sababu maalumu. Ukizipaka miezi na miezi usoni, ngozi huwa nyembamba, hutoka chunusi na mabaka, na ukiziacha vipele hurudi kwa kishindo. Wengi walioanza kwa kutibu vipele wameishia kwenye mkorogo.

Nenda hospitali ukiona uvimbe unaouma na wenye joto, usaha unaosambaa, homa, au kovu linaloendelea kukua. Daktari wa ngozi anazo dawa za kupaka zinazolainisha vinyweleo, za kuua bakteria, na za kupunguza madoa kwa usalama.

Kwa leo niishie hapo. Ukimwona mwenzako ana vipele shingoni, usimuulize kama ameoga. Mwambie aupumzishe wembe.