Washindani wa kahawa wachangia utafiti mmoja
Mnadani, makampuni ya kahawa ya Tanzania hushindana. Shambani adui yao ni mmoja. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) ya Lyamungu, Kilimanjaro, ilianza kazi mwaka 2001 chini ya wadau wenyewe, ikichangiwa kwa makato ya mauzo ya kahawa.

Mwaka 2005 ilitoa aina za Arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa kuwa aina hizo ni chotara, mbegu zake hazitoi mti kama mama. Vikundi vya wakulima huanzisha bustani mama, kisha huzalisha miche kwa vikonyo.

Kampuni kuficha utaalamu huo ni kujiroga: kutu husafiri kwa upepo, haijui mpaka wa shamba. Kikwazo ni maji, maana vikonyo vikikauka havitoi mizizi.