Je, Pesa Zako za Kustaafu Zimefika?



Katika vikundi vyetu vya Thika na Ruiru hakosi mtu aliyefanya kazi ya kanjo. Wako waliofagia soko, walioendesha lori la taka na waliolinda usiku. Wengi wanangoja pesa za kustaafu wamalizie nyumba au wanunue ng'ombe. Halafu mtu anaenda kuuliza na kuambiwa, "Mzee, pesa zako zote hazijaletwa." Inakuwaje, na kila mwezi alikatwa?

Pesa zinapita wapi?

Wafanyakazi wengi wa kanjo wako LAPFUND, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1960. Wengine wako Laptrust au CPF. Katika LAPFUND, mfanyakazi hukatwa asilimia 12 ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 15. Tuseme mama anapata shilingi 20,000. Anakatwa 2,400 na mwajiri anaweka 3,000. Jumla ni 5,400 kwa mwezi, yaani 64,800 kwa mwaka. Pesa hizo zikifika, zinazaa faida. Zisipofika, hazizai chochote.

Ni kama chama kumtuma mtu benki. Daftari letu linaonyesha tulitoa, lakini kitabu cha benki hakina kitu. Hati ya mshahara inaonyesha tu kwamba ulikatwa. Haionyeshi kwamba pesa zilifika.

Deni lilitoka wapi?

Mabaraza ya Manispaa ya Thika na Ruiru yalikwisha mwaka 2013, kaunti zilipoanza, na wafanyakazi wakaingia Kaunti ya Kiambu. Nchini kote mabaraza ya zamani yaliacha madeni ya pensheni ya mabilioni ya shilingi, na kaunti nyingi zikaongeza mengine. Pesa zikiwa chache, mwajiri hulipa mshahara kwanza, na makato yanangoja. Mfanyakazi hapigi kelele kwa sababu mfukoni haoni pengo. Pengo ataliona siku ya kustaafu. Lakini tusidanganywe: baraza lilikufa, deni halikufa.

Kwa nini ni vigumu kulidai?

Kanuni za mwaka 2000 zinataka makato yafike kwenye mfuko kabla ya siku 10 za mwezi unaofuata kwisha. Wadhamini wa mfuko ndio wenye kazi ya kudai, na wanaweza kwenda kortini. Lakini hata wakishinda, dalali hawezi kukamata trekta ya kaunti auze, kama anavyofanya kwa mfanyabiashara. Sheria inalinda mali ya serikali. Mwenye kudai hurudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa wa fedha alipe. Hiyo ni safari ya miaka. Ndiyo maana inafaa kuanza mapema, kabla mtu hajastaafu.

Tufanye nini?

1. Weka hati zote za mshahara, barua ya kuajiriwa na namba yako ya uanachama.

2. Kila mwaka omba mfuko wako taarifa ya akiba. Ilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Andika miezi inayokosekana.

3. Andikieni mwajiri barua mkiwa pamoja, na nakala kwa wadhamini. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Barua ya watu kumi haitupwi kirahisi kama ya mmoja.

4. Msipojibiwa, pelekeni malalamiko kwa RBA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 kusimamia mifuko ya kustaafu. Ofisi yake iko Nairobi.

5. Ulizeni kaunti deni ni kiasi gani. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

6. Hudhurieni mikutano ya bajeti. Makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kwake kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Deni lisiloandikwa kwenye bajeti halilipwi. Simameni muulize, "Pensheni ya wafanyakazi iko ukurasa gani?"

Hatua hii ya sita inatuhusu sisi sote, hata tusio wafanyakazi wa kaunti. Mzee akikosa pesa zake, ni watoto na majirani wanaochanga dawa na chakula.

Basi katika mkutano ujao, kila kikundi kiulize: ni nani kati yetu anakatwa pensheni, na ameona taarifa yake mwaka huu? Kama hajaona, asaidiwe kuandika barua siku hiyo hiyo. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.