Mkono Ulioumia Kazini: Matibabu na Haki za Kibarua wa Ujenzi

Katika ujenzi wa viwanda na maghala, mkono ndio unaotangulia hatarini. Ndio unaoshika nondo inapokatwa, ndio unaoelekeza boriti ya chuma inaposhushwa, ndio unaosafisha pipa la mashine ya zege. Diski ya kukatia chuma ikipasuka, huchana kiganja. Glavu iliyolegea ikinaswa na mashine inayozunguka, huuvuta mkono mzima. Hata saruji mbichi huunguza ngozi ya anayeishika mikono mitupu kutwa nzima.

Hatari hizo zinawahusu watu wengi kusini-magharibi mwa Uganda. Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, inaendelea kujengwa, na miongoni mwa wanaotafuta vibarua huko wamo wakimbizi wa Nakivale, makazi ya wilaya ya Isingiro yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi wao, hasa Wakongo na Warundi, huelewana kwa Kiswahili.

Mkono ukiumia, dakika za mwanzo zina uzito mkubwa. Pete ivuliwe kabla kidole hakijavimba. Jeraha lioshwe kwa maji safi, likandamizwe kwa kitambaa safi, na mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu, kwa kuwa baridi kali huua nyama yake.

Jeraha dogo kwa macho laweza kuwa limekata kano au mshipa wa fahamu. Kidole kisichokunjika au kilichokufa ganzi kinahitaji daktari siku hiyo hiyo, pamoja na kinga ya pepopunda. Katika eneo hili, hospitali kubwa ya umma ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara. Vyeti vyote vya matibabu vitunzwe, kwa sababu ndivyo vitakavyothibitisha madai ya fidia.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake, iwapo jeraha limemzuia kupata ujira wake kamili kwa angalau siku tatu mfululizo. Mkataba wa mdomo unatambuliwa sawa na wa maandishi. Uzembe wa mfanyakazi haumnyimi fidia. Mkimbizi naye hakuachwa nje: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi.

Kiasi cha fidia hutegemea ujira na ukubwa wa ulemavu. Asiyeweza tena kufanya kazi yoyote hulipwa ujira wa miezi 60. Ulemavu wa sehemu, kama kupoteza kidole, hulipwa kwa asilimia ya kiasi hicho. Tuseme fundi alipata shilingi 400,000 kwa mwezi na ulemavu wake umepimwa kuwa asilimia 20. Miezi 60 ni shilingi milioni 24, kwa hiyo fidia yake ni shilingi 4,800,000.

Taarifa ya ajali impate mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Ni salama zaidi iandikwe, ikitaja siku, saa, mahali na mashahidi, na nakala ibaki kwa mfanyakazi. Mwajiri naye anapaswa kumwarifu afisa wa kazi.

Pande mbili zikikubaliana juu ya malipo, makubaliano yaandikwe na kuidhinishwa na afisa wa kazi, na yasishuke chini ya kiwango cha sheria. Kama mfanyakazi hasomi lugha ya hati hiyo, hafungwi nayo mpaka afisa athibitishe kwamba alisomewa na kuelezwa. Kwa hiyo mkimbizi aliyepewa karatasi ya Kiingereza na noti chache akiwa bado kitandani asikubali kutia dole gumba. Mwajiri akikataa kulipa, madai hupelekwa mahakama ya hakimu.

Wajibu wa mwajiri huanza kabla ya ajali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na sheria ya fidia inamtaka awakatie bima. Kibarua wa siku moja naye anahesabiwa katika wajibu huo.