Ukiambiwa 'toe the line' kazini, ujue umeonywa

Bosi anapofunga kikao kwa kusema "let's all toe the line", wengi huitikia kwa kichwa na kurudi kwenye meza zao. Wachache ndio hung'amua kwamba kuna mtu ameonywa humo ndani, hata kama jina lake halijatajwa.

Nahau za Kiingereza zimewaponza wengi wanaofanya kazi kwa lugha hiyo huku wakifikiri kwa Kiswahili. Maneno yenyewe ni mepesi: mstari, mashua, kondoo, jirani. Tatizo ni uzito wake. Kiingereza kina rundo la nahau za kumtaka mtu afanane na wenzake, na nyingi zimefunikwa kwa adabu kiasi kwamba unaweza kukaripiwa ukadhani umetaniwa.

Tuanze na hiyo "toe the line". Toe ni kidole cha mguu, na picha yake ni ya watu waliopangwa safu moja, vidole vikigusa mstari, kama wakimbiaji kabla ya filimbi au askari kwenye gwaride. Asiyekaa sawa anaonekana mara moja. Leo maana yake ni kutii msimamo uliowekwa, upende usipende. Wanaofuatilia siasa za Kenya wameizoea kwenye magazeti ya Kiingereza, pale mbunge anapotakiwa apige kura kama chama kilivyoamua. Kwa Kiswahili tunasema afuate msimamo wa chama, na kusema kweli hiyo yetu inasikika laini zaidi.

Halafu kuna kosa la tahajia ambalo hata Waingereza wenyewe hulifanya: kuandika "tow the line". Tow ni kuvuta kwa kamba, kama gari lililoharibika. Ukiiandika hivyo kwenye barua pepe ya kazi, utaeleweka, ila kuna atakayecheka.

Ndugu yake ni "don't rock the boat", yaani usiyumbishe chombo. Tuseme umeuliza kwenye kikao pesa za posho zimekwenda wapi, kisha mwenzako akakunong'oneza hivyo. Hajasema umekosea. Inawezekana kabisa una haki. Anachokuambia ni kwamba chombo kimetulia, na ukikiyumbisha mtalowa wote, wewe ukiwa wa kwanza. Ndiyo maana nahau hii husikika sana pale ambapo swali ni zuri ila jibu halitakiwi.

Jirani asiyeonekana

Shinikizo la kufanana na wengine si lazima litoke kwa bosi. "Keeping up with the Joneses" ni kuhangaika ili usipitwe na jirani: kanunua gari, nawe unakopa ununue, kafanya harusi ya kumbi mbili, nawe unachangisha ufanye ya tatu.

Nahau hii ilipata umaarufu kutokana na katuni ya Mmarekani Arthur "Pop" Momand, iliyoanza kuchapishwa kwenye gazeti la New York mwaka 1913. Ilihusu familia inayojitutumua ili ifanane na majirani zake, akina Jones. Utamu wake ni huu: akina Jones hawakuwahi kuonekana kwenye katuni hiyo. Walitajwa tu. Watu walikuwa wanashindana na kivuli, na hapo Momand alipatia kuliko pengine alivyojua mwenyewe, maana anayefungua Instagram usiku na kuona sebule za watu asiowafahamu anaelewa vizuri hali hiyo.

Ukihisi umeisikia mahali, ni kwa sababu kipindi cha televisheni cha akina Kardashian, kilichoanza mwaka 2007, kilichezea nahau hiyohiyo kwenye jina lake.

Inayofanana nayo ni "jump on the bandwagon". Bandwagon lilikuwa gari lililobeba bendi kwenye maandamano ya sarakasi huko Marekani katika karne ya 19, na wanasiasa nao wakaja kulitumia kwenye kampeni zao. Kiswahili tayari kina lake: kufuata mkumbo. Shabiki anayehamia timu inayoongoza ligi anastahili yote mawili.

Kondoo mweusi na ng'ombe asiye na chapa

Sasa vipi yule anayekataa kufanana? Hapa Kiingereza kina ndimi mbili.

"Black sheep" ni mtu anayeonekana kuitia aibu familia yake. Sufu nyeusi haikubali kutiwa rangi nyingine, kwa hiyo kwa mfugaji ilikuwa na thamani ndogo. Zingatia kwamba nahau hii humtenga mmoja na kuwasafisha waliobaki. Methali yetu ya samaki mmoja akioza hufanya kinyume: lawama inawafikia wote. Ukimtetea ndugu yako mbele ya wageni kwa kusema yeye ni "black sheep" tu, kwa Kiingereza umeiokoa familia. Kwa Kiswahili bado mna kazi.

"Maverick" naye hafuati kundi, lakini neno hilo mara nyingi ni sifa. Asili yake ni Samuel Maverick, mwanasheria wa Texas wa karne ya 19 ambaye hakuwapiga chapa ng'ombe wake. Ng'ombe yeyote asiye na chapa akaanza kuitwa kwa jina lake, kisha neno likahamia kwa watu wasio na mwenyewe. Mwaka 2008 John McCain alijinadi nalo alipogombea urais wa Marekani, na Tom Cruise amelibeba kama jina la rubani kwenye filamu za Top Gun.

Ila angalia anayeitwa hivyo ni nani. Mwanasiasa mkongwe au rubani hodari akivunja utaratibu ni "maverick". Mfanyakazi mpya akifanya hivyohivyo, taarifa ya tathmini yake huenda ikasema "not a team player", kwamba hachezi na wenzake. Kwa Kiswahili mambo ni wazi zaidi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ushauri kwa mgeni

Isiyo na makali ni "when in Rome, do as the Romans do". Inahusishwa na Ambrose, askofu wa Milan katika karne ya 4. Mama yake Agustino, aliyetoka sehemu ambayo leo ni Algeria, hakujua afunge siku ya Jumamosi au la, maana desturi zilitofautiana mji kwa mji. Ambrose alijibu kwamba yeye akiwa Roma hufunga, akiwa Milan hafungi. Sisi tunasema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Leo Waingereza hukatisha na kusema "when in Rome" tu, mara nyingi kwa utani, labda kabla ya kuonja chakula wasichokijua.

Isiyo na utani hata kidogo ni "send to Coventry". Coventry ni mji wa Uingereza, lakini hakuna safari hapo. Ni kumsusia mtu kwa kukataa kuzungumza naye, kana kwamba hayupo. Kwenye viwanda vya Uingereza hiyo ilikuwa adhabu ya wafanyakazi kwa mwenzao aliyekataa kugoma, na filamu ya mwaka 1960, The Angry Silence, inahusu mfanyakazi aliyefanyiwa hivyo. Siku hizi hata kiwanda hakihitajiki. Unaandika kwenye kundi la WhatsApp la kazini, tiki mbili zinageuka bluu, na hakuna anayejibu mpaka mtu mwingine alete mada nyingine.